Mji wa Bwana Prewitt
Sehemu ya Tisa

Jina lilikuwa lake. Mwandiko haukuwa wake.

Hapo ndipo tulipomwacha Coletha Komba wiki iliyopita. Amekaa ukingoni mwa kitanda, mkoba wa mumewe uko mapajani umefunguliwa, na mkononi ameshika karatasi ya kwanza ya rundo zima. Mstari wa juu kabisa umeandikwa: Coletha Komba, kiwanja namba 14, chumba cha nyuma. Mbele ya jina kuna sahihi ya madaha, yenye mkia mrefu kama wa mjusi.

Coletha hajawahi kusaini hivyo tangu azaliwe. Yeye ni mshonaji wa kiwandani Mobeni, na jina lake huliandika kama anavyoshona: anakwenda moja kwa moja, akifika mwisho anakata uzi.

Nje, maji ya ndoo yalikuwa yakimwagika bafuni. Gilbert Mwalongo, mume wake wa ndoa ya kanisani, alikuwa akioga huku akiimba. Aliimba vizuri. Watu wa namna yake huimba vizuri sana.

Coletha akafunua. Karatasi ya pili, ya tatu, ya kumi. Majina ya wapangaji wote wa kilima cha Elabi yalikuwamo. Libérate, Mrundi anayesuka nywele kiwanja cha tisa. Pandu, Mzanzibari wa ghalani. Wazulu wanaoteremka kila alfajiri kwenda viwanda vya Pinetown. Watu mia mbili na ishirini na wawili. Juu ya kila ukurasa kulikuwa na sentensi moja ya Kiingereza, na Coletha aliisoma taratibu, kidole chini ya kila neno.

Sisi wakazi tuliotia sahihi hapa chini tunaomba Ellerby Ridge iwe mji unaojitegemea, wenye baraza lake na sheria zake ndogo.

Sheria zenyewe zilikuwa nyuma kabisa, zimebanwa kwa pini. Kurasa nne. Ya kwanza ilihusu mbwa. Ya pili, urefu wa ua. Ya tatu, rangi ya mapaa. Coletha karibu acheke.

Alipofika ya saba hakucheka.

Vyumba vyote vya nyuma vinavyokaliwa na watu wasio wa familia ya mwenye nyumba vitabomolewa ndani ya siku tisini.

Akausoma ukurasa ule mara mbili. Kisha akauchomoa kwenye pini, akaukunja mara nne, akausukuma ndani ya blauzi yake.

Wimbo ukakoma. Mlango ukafunguliwa.

"Nani kakwambia ufungue mkoba wangu?" Gilbert aliuliza. Taulo kiunoni, povu sikioni.

"Nani kakwambia unisainie?"

Gilbert alitazama karatasi, akatazama mkewe, akachagua kutabasamu.

"Hiyo karatasi ya maji, mke wangu. Nilikwambia. Tunaomba mabomba."

"Maji yameandikwa wapi?"

"Kiingereza cha serikali hicho, huwezi kukielewa chote."

"Nimeelewa sheria ya saba."

Tabasamu likabaki usoni peke yake, kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba.

Wewe unayetusoma leo kwa mara ya kwanza, elewa mambo machache. Elabi, ndivyo wapangaji wanavyoiita Ellerby Ridge, kilima hiki kilicho juu ya Pinetown, si mali ya mji wowote. Ina nyumba themanini na moja za wenye nacho, na nyuma ya kila nyumba kuna vyumba viwili au vitatu vya kupangisha. Haina diwani, haina zahanati, haina gari la taka. Wapangaji wana bomba moja tu kando ya barabara. Sasa, mwaka huu wa 1999, tume ya mipaka inapita kila mahali kuuliza watu wanataka kuwa wa nani. Kuna njia tatu: kumezwa na jiji kubwa la Durban, kubaki kama walivyo, au kuwa mji wao wenyewe.

Bwana Desmond Prewitt, mwuza rangi mstaafu na mwenyekiti wa Chama cha Wenye Nyumba, anaitaka njia ya tatu. Anaitaka kama mtoto anavyotaka kofia ya polisi. Lakini tume ilimwambia mwezi uliopita kwamba watu mia na tisini, wenye nyumba na familia zao, hawawezi kubeba baraza. Hawatoshi.

Basi Bwana Prewitt akaenda kutafuta watu. Akampata Gilbert.

Gilbert alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo huko Njombe kabla hajafika Afrika Kusini na kibali cha masomo ambacho muda wake ulikwisha miaka miwili iliyopita. Ana tai tatu. Huwaandikia wapangaji barua zao bila malipo, na wao humwita Mheshimiwa. Hilo neno ndilo lililomharibu.

"Ile ni rasimu tu," alisema sasa, akivaa suruali haraka. "Rasimu haivunji nyumba."

"Anayeiandika ndiye atakayevunja."

"Coletha, sikiliza. Nimeahidiwa kiti."

"Kiti gani?"

"Barazani. Mshauri wa masuala ya wageni." Alisema hivyo kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja jina la mtakatifu.

Coletha alimtazama. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, na hakuwahi kumwona mdogo hivi.

"Wageni gani, Gilbert? Vyumba vikishavunjwa, wewe utamshauri nani?"

Gilbert alikuwa akifunga tai.

"Sisi hatutaguswa," alisema baadaye. "Wewe na mimi. Prewitt ameniambia kwa mdomo wake."

"Ameandika?"

"Mzungu akitoa ahadi..."

"Ameandika, Gilbert?"

Gilbert akaunyakua mkoba, akakusanya karatasi zake bila kuzihesabu, akatoka. Coletha alimfuata mbio. Alichelewa hatua moja. Mlango ulifungwa, na akasikia kufuli likibanwa kwa nje.

"Gilbert!"

"Nakuonea huruma tu," sauti ilisema upande wa pili. "Mkutano ni saa nane. Nikirudi nitakufungulia, na utanishukuru."

Viatu vikaondoka kwenye kokoto. Viatu vimepakwa rangi vizuri, vikiongozwa na kichwa kitupu.

* * *

Dirisha la chumba kile lilikuwa na nondo. Coletha alizishika, akaita mara tatu. Ilikuwa Jumamosi, saa saba mchana, wapangaji wengi wako dukani au bombani. Aliyesikia ni Libérate, ambaye alikuwa akipita na kichwa cha mteja wake kimesukwa nusu, mteja mwenyewe akimfuata nyuma akilalamika.

"Dada Coletha! Nani amekufungia mu nyumba?"

"Mheshimiwa."

"Quoi? Bwana yako?"

"Libérate, ile karatasi uliyosaini. Alikwambia ni ya nini?"

"Ya maji! Alisema maji itafika mpaka ku mlango. Mimi nilisaini, na mwanangu alisaini, na mama mukubwa aliweka kidole."

"Haina maji. Ina bomoabomoa. Vyumba vyetu vyote, siku tisini."

Libérate alikuwa mtu wa kucheka. Alitoka Bujumbura mwaka wa tisini na tatu kwa miguu, akacheka njia nzima, kama anavyosimulia mwenyewe. Sasa hakucheka. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa kisu anachokatia nyuzi za nywele, akapiga magoti mbele ya mlango.

"Kufuli iko nguvu," alisema. "Lakini skrubu iko bure kabisa. Ngoja."

Dakika tano baadaye bamba la kufuli lilikuwa chini kwenye kokoto na Coletha yuko nje, hana viatu.

"Mimi je?" mteja aliuliza, akishika upande wa kichwa usiosukwa.

"Wewe kuja," Libérate alisema. "Kichwa itangoja."

* * *

Kwenye bomba la barabarani kulikuwa na foleni ya ndoo zaidi ya arobaini. Maji yalikuwa yakitoka kwa uzi mwembamba, na watu walikuwa na muda wa kusikiliza. Coletha alipanda kwenye kreti la soda.

"Nani kati yenu alisaini karatasi ya Gilbert?"

Mikono yote ikainuka. Baadhi waliinua kwa fahari.

"Mmetia sahihi ya kuvunjiwa nyumba."

Kelele ikazuka. Aliyejitokeza mbele alikuwa Pandu, mtu mzima, mpole, shati lake la ghalani limefungwa mpaka kifungo cha juu.

"Shemeji, taratibu," alisema. "Bwana Gilbert ni mtu wa heshima. Kaniandikia barua tatu za nyumbani na hakunitoza hata senti. Mtu akikutendea wema, humsingizii barabarani."

"Mimi ndiye mkewe, shemeji Pandu. Ningetaka kumsingizia ningeanza zamani."

Watu wakacheka. Pandu hakucheka. Coletha akatoa ukurasa kwenye blauzi, akaukunjua, akausoma kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. Kijana mmoja wa Kizulu, aliyejifunza Kiswahili kwenye foleni hiyo, akautafsiri kwa wenzake. Kila lugha ilipofika mwisho, upande mmoja wa foleni ulinyamaza.

Pandu akauomba ukurasa. Akauangalia muda mrefu, pembe kwa pembe.

"Hapa pana nembo ya chama chao," alisema hatimaye.

"Ipo."

"Na mimi nilimpelekea pweza." Alisema hivyo kwa mshangao wa kweli. "Nilimpelekea mtu huyu pweza nyumbani kwake, kumshukuru."

"Eish," kijana wa Kizulu alisema. "Twendeni."

Wakaenda, na njiani kila ua ukawaongezea watu. Ndoo zikabaki zimepanga foleni zenyewe, kila moja ikimshikia mwenye ndoo nafasi.

* * *

Mkutano ulikuwa katika ukumbi wa shule. Mlangoni kulikuwa na meza, na nyuma ya meza alikaa mke wa mweka hazina wa Chama, mwanamke mwenye mkufu wa lulu na uso wa mtu anayenusa kitu kila wakati. Alipouona umati akasimama.

"Wakazi tu," alisema. "Wakazi walio kwenye orodha."

"Tazama orodha," Coletha alisema. "Coletha Komba."

Mama wa lulu akapitisha kidole kwenye nakala yake, akiwa na uhakika wa kutoona kitu. Kidole kikasimama mstari wa kwanza.

"Wewe ni... namba moja," alisema.

"Ndiyo mimi."

"Libérate Nimbona," Libérate alisema nyuma yake. "Tafuta na mimi, madame. Iko page ya tatu."

Wakaingia mmoja mmoja, wote mia moja na zaidi, na kila mmoja jina lake lilikuwepo. Hakuna aliyeweza kuwazuia. Ile orodha iliyotungwa ili kuwafukuza ndiyo iliyowafungulia mlango, na mama wa lulu aliwawekea alama ya vema mbele ya majina kwa kalamu yake ya wino wa bluu.

Jukwaani, Bwana Prewitt alikuwa amefika katikati ya hotuba. Nyuma yake ramani ya Elabi ilining'inia, imepakwa kijani kibichi, na pembeni yake mchoro wa nembo: ua waridi, mbwa na ufunguo. Mtu huyu hakuwa na mji, lakini nembo alikuwa nayo.

"Jiji kubwa litatumeza," alikuwa akisema. "Litachukua kodi zetu likazitumie bondeni. Sisi tunataka utawala ulio karibu na wananchi. Demokrasia ya jirani kwa jirani! Na wananchi wamesema. Mama Kamishna, si mia na tisini tena. Ni watu mia nne na kumi na wawili!"

Wenye nyumba wakapiga makofi. Safu ya mbele, Gilbert alipiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Alikuwa amekaa kiti cha pembeni, kile ambacho mguu wake mmoja ni mfupi.

Kamishna wa tume aliitwa Bi. Munsamy. Alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba na ndizi ambayo hajamaliza kula kando ya faili lake. Alikuwa amekwishapita kwenye vilima kumi na saba kama hiki, na kila kimoja kilikuwa na Prewitt wake.

"Kuna mwingine anayetaka kusema?" aliuliza.

"Mimi," Coletha alisema kutoka nyuma.

Gilbert aligeuka. Nimesema mara nyingi kwamba sura yake ilikuwa nzuri. Mngeiona wakati ule msingeitamani.

"Pingamizi," Bwana Prewitt alisema haraka. "Huyu si mkazi. Ni mpangaji. Tena si raia."

"Jina lako nani, mama?" Bi. Munsamy aliuliza.

"Coletha Komba."

Kamishna akavuta rundo la karatasi. Hakuhitaji kufunua.

"Bwana Prewitt, huyu ni namba moja kwenye orodha uliyonikabidhi. Orodha ya wakazi. Ni mkazi au si mkazi?"

Bwana Prewitt akazigeuzageuza kurasa za hotuba yake.

"Swali langu si gumu," Bi. Munsamy alisema. "Kama si mkazi, nawafuta wote mia mbili na ishirini na wawili, na tunarudi mia na tisini. Kama ni mkazi, kaa chini azungumze."

Bwana Prewitt akawatupia jicho wenye nyumba wenzake.

"Ni mkazi," alisema, "kwa maana ya hesabu."

Mtu fulani nyuma alicheka, kisha safu yake ikacheka, kisha upande wote wa nyuma. Hata mwenye nyumba mmoja, mzee wa Kihindi wa kiwanja cha thelathini, aliinamisha kichwa kuficha meno.

Coletha akatembea mpaka mbele, miguu mitupu kwenye sakafu iliyong'arishwa. Akaweka ukurasa wa sheria ya saba juu ya meza ya kamishna.

"Hii ilikuwa imebanwa pamoja na majina," alisema kwa Kiingereza chake cha kiwandani, kisicho na mapambo. "Sisi hatukuonyeshwa. Tuliambiwa tunaomba maji. Mimi sikusaini kabisa. Sahihi yangu ameiweka mtu mwingine."

Bi. Munsamy akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Bwana Prewitt, hii haikuwemo kwenye faili langu."

"Ni rasimu ya ndani."

"Mnahesabu watu ili muwe mji, halafu kazi ya kwanza ya mji ni kuwaondoa waliohesabiwa?"

"Kila jumuiya ina haki ya viwango vyake," Bwana Prewitt alisema. Shingo yake ilikuwa imeiva. "Na sahihi zilikusanywa kihalali. Mtu aliyezikusanya yuko hapa. Bwana Gilbert! Simama uwaeleze."

Gilbert akasimama. Akanyoosha tai. Hakumtazama mkewe.

"Mheshimiwa Kamishna," alisema kwa Kiingereza cha mahakamani, "mimi niliwasomea hati hii wapangaji wote, neno kwa neno, kwa lugha wanayoielewa. Walisaini kwa hiari yao. Mke wangu... mwanamke huyu ana hasira za nyumbani."

Alisema hayo bila kukwama hata mara moja. Ndiyo sababu niliwaambia tangu sehemu ya pili: uongo kwa mtu huyu ni kama kupumua.

"Alisoma kwa lugha tunayoielewa?" Coletha alimgeukia kamishna. "Basi asome tena. Sasa hivi. Kwa Kiswahili. Waliosikia siku ile wako hapa."

Bi. Munsamy akampa Gilbert karatasi. "Tafadhali."

Gilbert akaishika. Akaugeukia upande wa nyuma wa ukumbi. Watu mia moja walikuwa wamesimama ukutani: Libérate na mteja wake wa kichwa nusu, vijana wa Kizulu wenye nguo za kazi, Pandu na kifungo chake cha juu. Kwa Kiingereza uongo ulimtoka kama maji ya Prewitt, yanayofika mpaka bustanini. Kwa Kiswahili bomba likakauka.

"Ndugu zangu," alianza.

Wakamngoja.

"Ndugu zangu wakazi... siku ile nilipopita..."

"Sema!" Libérate alipaza sauti. "Ulituambia ni nini? Sema na kinywa yako!"

Pandu hakupaza sauti. "Bwana Gilbert," alisema, "mimi nilikuuliza mara mbili. Nilikuuliza, ndugu yangu, hii ni ya nini? Ukanijibu nini?"

Gilbert alitazama sakafu. Jasho lilikuwa limeilowesha kola. Na neno lilipomtoka, lilitoka dogo, kama la mtoto aliyeshikwa.

"Maji."

Bi. Munsamy hakujua Kiswahili. "Amesema nini?"

"Amesema maji, madam," kijana wa Kizulu alijibu. "Tumesikia wote. Maji."

Kalamu ya kamishna ikapita juu ya ukurasa wa kwanza, kutoka pembe hadi pembe. Kisha wa pili. Ukumbi mzima ulisikia ilivyokuwa ikikwaruza.

"Ombi la mji unaojitegemea halitasikilizwa," alisema. "Mna watu mia na tisini. Huo si mji, Bwana Prewitt, huo ni mtaa wenye nembo. Sasa nitawasikiliza wakazi hawa kuhusu njia zilizobaki. Na nitataka mmoja wao anieleze habari ya bomba moja."

Kelele iliyopanda pale ilitikisa ramani. Libérate alimkumbatia mteja wake. Pandu alikaa chini kwenye ngazi za jukwaa, akaweka mikono usoni.

Coletha peke yake hakushangilia. Alikuwa akimtazama Bwana Prewitt.

Mtu aliyeshindwa hugomba, au huondoka, au hukaa. Bwana Prewitt hakufanya hata moja. Alikunja hotuba yake vizuri, akaitia mfukoni, akashuka jukwaani, akaingia katika ofisi ya shule. Kupitia kioo cha mlango, Coletha alimwona akiinua simu.

Alizungumza kwa dakika moja hivi. Aliporudi alikuwa mtulivu, akaketi safu ya mbele na kupandisha mguu juu ya mguu. Gilbert, aliyekuwa bado amesimama kama kigingi, alimsogelea na kumnong'oneza jambo. Bwana Prewitt akampigapiga bega, mara mbili, kama mtu anavyompigapiga farasi anayemuuza.

* * *

Walikuwa wawili. Waliingia saa tisa na nusu, wakati mzee wa Kihindi wa kiwanja cha thelathini alikuwa akisema kwamba yeye binafsi anaona afadhali jiji. Mmoja mrefu, mmoja mnene, mashati meupe, vitambulisho shingoni.

"Uhamiaji," alisema yule mrefu.

Hakuna aliyekimbia. Mahali pa kukimbilia palikuwa mlangoni, na mlangoni walisimama wao. Libérate alipeleka mkono kifuani, kwenye karatasi yake ya ukimbizi anayoibeba kila aendako. Wengine hawakuwa na karatasi ya kushika. Coletha, aliyeketi kando ya Libérate, hakuwa nayo. Viza yake ya matembezi ilikufa mwaka wa tisini na saba.

"Huu ni mkutano wa tume," Bi. Munsamy alisema, amesimama. "Mtanisubiri nimalize."

"Hatutakusumbua, Mama Kamishna. Tumepewa jina moja tu."

Afisa mrefu akatoa kijikaratasi. Coletha akakikodolea macho. Namba moja, alijiambia. Mimi ndiye namba moja.

"Gilbert Mwalongo," afisa alisoma.

Na hapa nitawaeleza kitu ambacho hata mimi ninayemdharau mtu huyu sikufurahia kukiandika. Gilbert alipolisikia jina lake alitabasamu. Alinyoosha tai, akasogea mbele, akanyoosha mkono. Alidhani wamemwita awasaidie kutafsiri.

"Ndiye mimi, mheshimiwa. Naam."

Afisa mnene akaushika mkono ule ulionyooshwa, akaugeuza nyuma ya mgongo.

"Kibali chako kiko wapi?"

Gilbert aligeuza shingo kumtafuta Bwana Prewitt. Bwana Prewitt alikuwa akiangalia saa yake.

"Bwana Prewitt," Gilbert alisema. "Waambie. Bwana Prewitt, waambie mimi ni nani."

"Simfahamu vizuri," Bwana Prewitt alimwambia afisa. "Alikuwa akifanya vibarua."

Hakuna aliyecheka.

"Unaishi na nani?" afisa mrefu aliuliza, kalamu tayari. "Hapa nimeandikiwa kiwanja cha kumi na nne, na mke. Mke wako yumo humu?"

Gilbert aliinua kichwa. Macho yake yalipita juu ya ukumbi, safu kwa safu. Yalimfikia Coletha. Yakampita kama yanavyopita ukuta.

"Sina mke," alisema.

"Mshenzi huyu," Libérate alinong'ona. "Dada, amekukana mbele ya watu."

Coletha hakujua. Hicho ndicho kilichomtesa dakika ile, kwamba hakujua. Amemkana kwa sababu ya hasira na aibu? Au kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja, mwongo yule alikuwa ametoa uongo wake mmoja kwa ajili yake? Alimtazama usoni atafute jibu. Uso ulikuwa mtupu kama karatasi isiyoandikwa.

"Nani humu ndani anamfahamu mtu huyu?" afisa aliuliza kwa sauti.

Watu mia moja aliowaandikia barua. Watu waliomwita Mheshimiwa. Pandu alitazama vidole vyake. Kijana wa Kizulu alitazama dari. Hakuna aliyefungua mdomo, na sitawalaumu.

"Basi twende."

Wakamgeuza. Kiatu kimoja kilimvuka mguuni, na hakuna aliyekiokota. Walikuwa hatua nne kutoka mlangoni pale kiti kilipokwaruza sakafu.

Libérate alimshika Coletha sketi kwa mikono miwili. "Kaa chini! Dada, kaa! Wewe huna papier! Watakubeba naye!"

Coletha akaitoa mikono ile, kidole kimoja kimoja, kwa upole.

"Mimi namfahamu," alisema.

Gilbert akageuka. "Coletha, hapana," alisema kwa Kiswahili, haraka, kwa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia kwake. "Hapana. Kaa."

Sasa alijua.

"Mimi namfahamu," alirudia kwa Kiingereza, ukumbi wote usikie, Bwana Prewitt asikie. "Ni mwongo. Na ni mume wangu."

Afisa mrefu akarudi taratibu katikati ya viti, akifunua ukurasa mpya katika kitabu chake.

"Sawa, mama," alisema. "Tuone na karatasi zako."